Kumtibu Ng'ombe wa Maziwa kwa Antibiotiki Bila Kuacha Mabaki ya Dawa Kwenye Maziwa: Mwongozo Kamili

Wafugaji ambao maziwa yao hukataliwa kwa sababu ya mabaki ya dawa huapa kwamba walisubiri siku zote zilizotajwa kwenye lebo ya dawa, na wengi wao husema kweli. Walisubiri, ila walianza kuhesabu siku isiyostahili, au walitumia mrija wa dawa ya chuchu usiokuwa wa ng'ombe anayekamuliwa, au waliongeza dozi moja bila kujua kwamba kwa kufanya hivyo walikuwa wameirudisha saa mwanzo. Ukichunguza visa hivi, utaona kwamba kosa lilikwisha kutendeka siku ya kwanza ya tiba, kabla hata kusubiri hakujaanza.

Mwongozo huu unashughulikia kazi moja tu: kumtibu ng'ombe anayekamuliwa aliyepatwa na ugonjwa wa kiwele, tangu unapoona maziwa yamebadilika hadi unapoyarudisha maziwa yake kwenye chombo cha kuuzia. Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu ndio unaosababisha matumizi makubwa ya antibiotiki, yaani viuavijasumu, katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa.

## Kwa nini kosa dogo huharibu maziwa mengi

Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, imeweka kikomo cha mabaki ya penisilini kwenye maziwa kuwa mikrogramu 4 kwa kila kilo moja. Miligramu moja ina mikrogramu 1,000. Kwa hiyo miligramu moja tu ya penisilini inatosha kufikisha kilo 250 za maziwa kwenye kikomo hicho, ilhali dozi moja ya kiwele hupimwa kwa mamia ya miligramu.

Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa antibiotiki nyingi hustahimili joto la kuchemshia maziwa. Mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, maziwa ya kugandisha mtindi hukataa kuganda kwa sababu dawa huua bakteria wa kimea, na bakteria wanaokutana na dawa kidogo kidogo bila kufa hupata nafasi ya kujenga usugu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kikombe cheusi cha kukagulia maziwa ya kwanza, au chombo chochote chenye kitako cheusi.
- Sahani yenye vikombe vinne na dawa yake ya kupimia maziwa (kipimo cha CMT).
- Kipimajoto cha mifugo.
- Pamba na spiriti ya asilimia 70, pamoja na glavu.
- Chupa ndogo safi za sampuli, zilizotakaswa na zenye kifuniko.
- Dawa iliyoandikwa na daktari wa mifugo, ikiwa na lebo yake kamili.
- Dawa ya kuchovyea chuchu baada ya kukamua.
- Utepe wa kupimia mwili, ikiwa dawa ni ya sindano.
- Bendi mbili za miguuni zenye rangi kali, na ndoo ya pekee isiyofanana na nyingine.
- Daftari na kalamu, vikae bandani.

Usianze ikiwa bendi na daftari havipo. Vitu vingine vikikosekana tiba hudhoofika, lakini hivi viwili vikikosekana maziwa ya kila mtu huingia hatarini.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa wa kiwele na upime ukali wake

Kamua mikondo mitatu au minne ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Tafuta madonge, nyuzinyuzi, majimaji au damu. Kisha papasa kila robo ya kiwele: je, ina joto kuliko nyingine, imekakamaa, ng'ombe anarusha mguu ukiigusa?

Ikiwa maziwa yanaonekana safi lakini una shaka, tumia kipimo cha CMT. Weka kiasi sawa cha maziwa na dawa ya kupimia kwenye kila kikombe, zungusha sahani taratibu, na usome matokeo ndani ya sekunde 20. Mchanganyiko ukiwa mzito kama ute wa yai, robo hiyo ina seli nyingi za kinga, dalili kwamba mwili unapambana na kitu. Kwa kawaida robo yenye afya huwa na seli chini ya 200,000 kwa mililita.

Sasa amua ukali. Ugonjwa ni mwepesi iwapo maziwa pekee yamebadilika, na ni wa kati iwapo robo nayo imevimba. Ukiona ng'ombe ameacha kula, amezubaa, hataki kusimama au joto lake limezidi nyuzi 39.5, huo ni mkali. Hapo acha kusoma mwongozo huu na umwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kwani ng'ombe huyo anahitaji maji mwilini na dawa ya kupunguza uvimbe haraka kuliko anavyohitaji antibiotiki.

Dalili ya mafanikio: unaweza kutaja robo ipi inaumwa na kwa kiwango gani, nawe umeandika hayo daftarini.

## Hatua ya 2: Chukua sampuli kabla ya tone la kwanza la dawa

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kila anayeiruka hukubali kutibu kwa kubahatisha. Dawa ikishaingia, mara nyingi maabara haiwezi tena kumwotesha mdudu aliyesababisha ugonjwa.

Mwaga mikondo ya kwanza. Sugua ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti hadi pamba itoke safi. Fungua chupa ukiwa umeilaza kwa mshazari ili vumbi na manyoya yasidondokee ndani, kamua mikondo michache, ufunge papo hapo. Andika jina au namba ya ng'ombe, robo, tarehe na saa. Weka chupa kwenye baridi na uifikishe maabara ndani ya saa 24.

Tahadhari: chupa iliyogusa chuchu, au iliyooshwa kwa maji tu, italeta jibu la uchafu badala ya jibu la ugonjwa.

## Hatua ya 3: Amueni pamoja na daktari kama antibiotiki inahitajika

Wengi hushangaa kusikia kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Ugonjwa mwepesi unaoletwa na bakteria wa jamii ya E. coli mara nyingi hushindwa na kinga ya ng'ombe mwenyewe, na huenda bakteria wameshakwisha kufikia wakati unapoyaona madonge. Kwa ng'ombe mwenye ugonjwa mwepesi au wa kati, kusubiri jibu la maabara kwa siku moja huku ukimkamua vizuri na kumtazama hakumdhuru, na kunaweza kukuepusha kumwaga maziwa ya wiki nzima bila sababu.

Kwa upande wa pili, ng'ombe mwenye maambukizi sugu ya bakteria Staphylococcus aureus, aliyekwisha kutibiwa robo hiyohiyo mara kadhaa, ana nafasi ndogo ya kupona hata ukibadilisha dawa kila mwezi. Uamuzi wa kumwondoa kundini ni mchungu, lakini kuendelea kumtibu ni kumlisha dawa mdudu aliyekwisha kuizoea.

Ikiwa dawa inahitajika, usiichague kwa kuangalia muda mfupi wa kusubiri. Baadhi ya sefalosporini (kundi moja la antibiotiki) za kizazi cha tatu zina lebo inayoruhusu maziwa kuuzwa bila kusubiri, na ndiyo sababu hupendwa sana. Tatizo ni kwamba Shirika la Afya Duniani limeziweka sefalosporini za kizazi hicho, pamoja na antibiotiki za kundi la fluorokwinoloni, miongoni mwa dawa muhimu kupita zote kwa tiba ya binadamu. Zikichakazwa kwenye kiwele ambacho kingepona kwa dawa ya kawaida, hasara hiyo humwangukia mgonjwa asiyehusika kabisa na maziwa yako.

## Hatua ya 4: Soma lebo mpaka mwisho, kisha ujibu maswali manne

Je, dawa hii ni ya ng'ombe anayekamuliwa, au ni ya ng'ombe aliyekaushwa maziwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa? Mirija ya aina hizi mbili hufanana kwa umbo, na mara nyingi hukaa rafu moja. Mrija wa ng'ombe aliyekaushwa umetengenezwa ili dawa idumu kiweleni kwa wiki kadhaa. Ukimtia ng'ombe anayekamuliwa, saa zozote ulizozoea kusubiri hazina maana tena. Ukigundua umefanya hivyo, mpigie daktari kabla ya mkamuo unaofuata.

Je, muda wa kusubiri kwa maziwa ni upi? Na kwa nyama? Ni namba mbili tofauti, na ya nyama kwa kawaida ni ndefu zaidi, hivyo ng'ombe ambaye maziwa yake yamesharuhusiwa bado anaweza kuwa haramu kuchinjwa.

Je, dozi ni kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi? Na mwisho, dawa imekwisha muda wake au imehifadhiwa vibaya? Chupa iliyokaa juani dirishani ni ya kutupwa hata kama tarehe yake haijafika.

Muda wa kusubiri ulioandikwa ni halali kwa dozi iliyoandikwa tu. Ukizidisha kiasi, ukiongeza siku, ukichanganya dawa mbili au ukiitia kwa njia nyingine, namba iliyo kwenye lebo si yako tena, na ni daktari peke yake awezaye kukupa nyingine.

## Hatua ya 5: Mtie ng'ombe alama kabla ya kufungua dawa

Funga bendi kwenye miguu yote miwili ya nyuma, kisha andika daftarini, ndipo ushike dawa. Mpangilio huo usiugeuze.

Niliwahi kumtibu ng'ombe jioni nikamchora kwa chaki kiunoni. Usiku ilinyesha mvua, na alfajiri aliyenisaidia kukamua alimkuta ng'ombe safi asiye na alama yoyote. Nilipofika, maziwa yake yalikuwa yameshaungana na ya wenzake kumi na mmoja. Tangu siku hiyo chaki naitumia kwa hesabu za ukutani tu. Bendi ya pili ni ya akiba, kwa maana moja hukatika.

Dalili ya mafanikio: mtu ambaye hakuwepo ulipotibu anaweza kuingia bandani gizani, akamtambua ng'ombe huyo bila kuuliza.

## Hatua ya 6: Kwa dawa ya sindano, pima uzito

Kukadiria kwa macho huwadanganya hata wazoefu. Dozi pungufu huwaacha bakteria wenye nguvu wakiwa hai, na dozi iliyozidi huacha mabaki kwa muda mrefu zaidi.

Kama huna mizani, zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka kwenye nundu ya bega hadi mfupa wa nyonga ya nyuma. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 140 atakuwa na takriban kilo 330.

Tuseme lebo inaagiza miligramu 10 kwa kila kilo, na kila mililita ya dawa ina miligramu 100. Ng'ombe huyo anahitaji miligramu 3,300, yaani mililita 33. Usizitie zote mahali pamoja. Fuata kiwango cha juu cha mililita kwa kila sehemu kama lebo inavyoeleza, kwa kuwa dawa nyingi iliyorundikana kwenye msuli mmoja hufyonzwa polepole na huacha mabaki hapo.

## Hatua ya 7: Tia dawa kwenye chuchu kwa usafi

Kamua robo hiyo mpaka iishe. Vaa glavu safi. Safisha ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, ukibadilisha pamba hadi ibaki nyeupe. Ikiwa unatibu zaidi ya chuchu moja, anza kusafisha zilizo mbali nawe na umalize na zilizo karibu, kisha wakati wa kutia dawa geuza mpangilio, uanze na zilizo karibu, ili mkono wako usizipanguse tena zile ulizokwisha kuzisafisha.

Ingiza ncha ya mrija kiasi cha milimita 3 tu. Kuisukuma yote ndani huchubua mfereji wa chuchu na kupeleka uchafu uliokuwa mlangoni hadi kiweleni. Minya dawa yote, toa mrija, sukuma dawa juu kwa vidole, kisha uchovye chuchu. Mpe ng'ombe chakula ili abaki amesimama kwa muda, tundu la chuchu lipate kujifunga.

Tahadhari: mrija mmoja ni wa robo moja. Kuugawa kwa chuchu mbili ni dozi pungufu mara mbili, tena ncha iliyotoka kwenye robo yenye ugonjwa hubeba ugonjwa. Usiloweke mirija kwenye ndoo ya maji ya moto ili dawa ilainike. Maji hayo huingia na vimelea, wakiwemo kuvu ambao antibiotiki haiwezi kuwaua.

## Hatua ya 8: Maliza siku zilizoagizwa, na usiongeze hata moja

Kuhusu kukatiza dozi wengi wameshaonywa. Kuongeza ndiko kusikozungumzwa. Siku moja baada ya dozi ya mwisho mfugaji huona bado kuna madonge machache, akaingiwa na hofu, akatia mrija mmoja "wa kumalizia". Madonge yanaweza kubaki siku kadhaa baada ya bakteria kufa, kwa sababu kiwele bado kinajisafisha. Mrija ule wa ziada hauponyi chochote, ila unaanzisha upya hesabu nzima na kuitoa dawa nje ya lebo.

Mwite daktari ikiwa uvimbe unaongezeka, joto linapanda au hakuna badiliko lolote dozi zikiwa zimekwisha. Vinginevyo, mpe muda.

## Hatua ya 9: Hesabu saa, si siku

Hapa ndipo maziwa mengi hupotea, basi tuhesabu pamoja. Ng'ombe ametiwa dawa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, kila mara saa 12 jioni baada ya kukamuliwa. Lebo inasema maziwa yasubiri saa 96.

Hesabu huanza kwenye dozi ya mwisho, Jumatatu saa 12 jioni. Jumanne saa 12 jioni ni saa 24, Jumatano 48, Alhamisi 72, Ijumaa 96. Kwa hiyo mikamuo saba, kuanzia Jumanne asubuhi hadi Ijumaa asubuhi, yote humwagwa, juu ya ile iliyomwagwa wakati tiba inaendelea. Mkamuo wa Ijumaa saa 12 jioni ndio wa kwanza kutimiza muda. Lakini kama siku hiyo una safari ukaamua kukamua saa 10 jioni, zimepita saa 94 tu, na maziwa hayo nayo ni ya kumwagwa.

Aliyeanza kuhesabu Jumamosi angeona muda umetimia Jumatano jioni, akauza mikamuo minne yenye dawa huku akiamini kwa moyo mweupe kwamba amesubiri saa 96.

Usiache robo tatu zisizotibiwa ziingie kwenye chombo. Dawa hupenya kutoka kiweleni kwenda kwenye damu na kurudi kwenye robo nyingine, kwa hiyo muda wa kusubiri ni wa ng'ombe mzima.

Andika daftarini saa ya dozi ya mwisho na pembeni yake saa ya kuruhusiwa, iliyokwisha kuhesabiwa, ili anayekamua alfajiri asifanye hesabu kwa usingizi.

## Hatua ya 10: Mkamue mwisho, na maziwa usiwape ndama

Mkamue baada ya wote, kwenye ndoo yake. Kama unatumia mashine, isafishe kabisa kabla ya mkamuo unaofuata.

Kishawishi cha kuwapa ndama maziwa hayo ni kikubwa, maana kuyamwaga kunauma. Hata hivyo, ndama anayenywa maziwa yenye dawa hupata dozi ndogo kila siku, na bakteria sugu huongezeka tumboni mwake na kwenye kinyesi chake. Yamwage kwenye shimo la samadi lililo mbali na kisima na mkondo wa maji.

## Hatua ya 11: Pima kabla ya kurudisha maziwa

Muda ukitimia, pima maziwa ya ng'ombe huyo peke yake kwa kipimo cha haraka cha mabaki, ukihakikisha kipimo hicho kinatambua kundi la dawa uliyotumia. Kipimo cha penisilini hakiwezi kuiona tetrasaiklini. Pima pia ng'ombe aliyenunuliwa karibuni ambaye historia yake huijui.

Wapo wanaojaribu kwa kugandisha mtindi. Jaribio hilo lina manufaa ya upande mmoja: maziwa ya ng'ombe mwingine yakiganda na yake yakakataa, kwa kimea kilekile na joto lilelile, una sababu ya kuyazuia. Yakiganda, hujathibitisha usalama, kwa kuwa bakteria wa kimea huvumilia baadhi ya dawa zilizozidi kikomo.

Dalili ya mafanikio: kipimo kimeonyesha hakuna mabaki, saa zimetimia, maziwa hayana madonge. Yote matatu yakikamilika, fungua bendi na uandike tarehe. Bendi isifunguliwe mapema hata kwa dakika chache, na muda wa nyama uendelee kusomeka daftarini mpaka uishe.

## Ikiwa maziwa yameshachanganyika

Usiongeze maziwa safi ili kupunguza makali. Rudia hesabu ya mwanzo: miligramu 20 zilizobaki zinahitaji kilo 5,000 za maziwa ili kufikia kikomo tu, na hakuna banda dogo lenye maziwa hayo.

Zuia chombo kisiondoke. Kama kimeshaondoka, mpigie mnunuzi mara moja umtajie dawa, saa ya dozi ya mwisho na kiasi cha maziwa, ili azuie kabla hakijamiminwa kwenye tangi la pamoja. Baada ya hapo rudi bandani, uhesabu bendi ngapi zimefungwa na ng'ombe wangapi wameandikwa daftarini.